Mwaka Ndovu Aliposomea Muhogo Saluni

Wiki iliyopita Ndovu alikata roho, na sisi watatu tukamkalia matanga. Duku alishuka kutoka Koboko na pikipiki yake, Mapendo akavuka mpaka kutoka Ariwara amejifunga kitenge cheusi tupu, nami nikafunga mlango wa chumba cha nyuma cha saluni yangu hapa Arua ili marehemu alale kwa heshima. Marehemu mwenyewe alikuwa kompyuta: sanduku la kijivu, refu kama mtoto wa darasa la pili na zito kuliko dhambi za mji mzima. Duku alimfungua ubavu, akaingiza pua, akatoa hukumu. "Saplai ya stima iko imeungua. Na safari hii imekwenda na ubao wote. Basi." Mapendo alitoa chozi la kweli, nililiona, kisha akaanza kucheka huku analifuta. Wateja waliokuwa chini ya makofia ya kukaushia nywele wakauliza nani amefariki. Nikawaambia ni mashine. Walinipa pole hivyo hivyo, kwa sababu hapa kwetu pole hainyimwi mtu kwa kuwa tu maiti ni ya chuma. Tukala enyasa, ugali wetu wa muhogo, na angara, vile visamaki vikavu, kwa mchuzi wa karanga, tukimtazama yule bwana katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, na kabla sahani haijasafishwa tulikuwa tumerudi kwenye ule mwaka.

Watu wanaoandika maisha yao huanza na babu. Babu yangu atanisamehe, namruka, na bibi pia, maana ujana wangu haukuwakuta. Ujana wangu ulinijia nikiwa tayari na wajukuu. Miaka ile ambayo wengine huita ujana niliipitisha nikisuka vichwa vya watu, na sikumbuki kitu zaidi ya maumivu ya vidole. Lakini mwaka nilioingia shule ya jioni, ah! Mwaka ule niliamka kila asubuhi kama mtu anayekwenda kuoa na kuolewa kwa pamoja. Hadi leo nikipita karibu na lile darasa moyo unaruka, ingawa ni chumba cha kawaida cha shule ya msingi, chenye madawati ya watoto. Tuliketi magoti yakiwa yamekaribia masikio. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe na sehemu zake zote, na mwalimu wetu, kijana mpole aliyevaa tai hata siku za joto, alitufundisha kompyuta huku yule ng'ombe akimchungulia begani. Duku alikaa kulia kwangu. Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu barabara ya Juba, na mikono yake ilizoea usukani kiasi kwamba alishika panya ya kompyuta kwa mikono miwili. Mapendo, mchuuzi wa vitenge, alikaa kushoto, na alikuwa na swali kwa kila sentensi ya mwalimu.

"Mwalimu, hii akili bandia, iko na roho ya mutu ama hapana?"

"Hapana, mama. Ni hesabu tu."

"Hesabu ndio inasema na mutu? Eh! Basi hata shetani ni hesabu."

Ndovu tulimpata kwenye mnada. Kulikuwa na ofisi fulani ya wapima ardhi iliyokuwa inafunga na kuhama Arua, ikauza meza, viti, na ile kompyuta ya zamani waliyochorea ramani. Meza zilichukuliwa kwa vita. Ndovu hakuna aliyemtaka, kwani watu walitaka kompyuta ya kufungua kama kitabu, ya kubeba kwapani. Mwalimu ndiye aliyeninong'oneza: hii ya kale ina vichwa viwili vya kufikiri ndani na kumbukumbu kubwa, ukiitia kadi nzuri ya picha inaweza kufundisha modeli, yaani akili bandia yako mwenyewe, nyumbani kwako bila kumwomba mtu wa Ulaya ruhusa. Sikungoja amalize. Tukamfunga Ndovu nyuma ya boda kwa mipira ya tairi, mimi nikakaa nyuma yake nimemkumbatia, na dereva akapanda kilima akilia kwamba tumebeba kaburi. Watu sokoni walinishangilia kama bibi harusi.

Chumba cha nyuma cha saluni ndicho kilikuwa na umeme wa kuaminika, kwa sababu ya betri za sola nilizoweka kwa ajili ya wateja. Kina dirisha moja, meza iliyoungua pasi pembeni, na harufu ya dawa ya nywele ambayo haitoki hata ukiomba. Siku tulipomfungua Ndovu, vumbi jekundu lililotoka lingetosha kujenga choo. Nilimpuliza kwa mashine yangu ya kukaushia, upande wa hewa baridi, kama ninavyopuliza kichwa cha mtu mkubwa. Tukamwasha, akapiga bip, bip, bip, akakataa. Mwalimu akachomoa vipande vya kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha mwanafunzi, akavirudisha. Ndovu akanguruma! Nakuambia feni zile zilivuma hadi ndege za uwanja wetu zikaona aibu. Kisha ikaja kadi ya picha, iliyokwisha kutumika, kutoka Kampala, na ilikuwa ndefu kuliko tumbo la Ndovu. Duku hakufikiri mara mbili. Alimpeleka kwa mchomeleaji ng'ambo ya barabara, wakakata kizuizi cha bati ndani kwa msumeno, na Mapendo amesimama pale anafunika macho. "Munamupasua mutu bila dawa ya usingizi!" Kadi ikaingia. Ilipowaka taa yake ndogo ya bluu, sote watatu tulipiga vigelegele, na mteja niliyemwacha na povu kichwani akaja kuona kuna nini.

Sasa tulikuwa na mnyama, lakini hatukuwa na kazi ya kumpa. Kazi ilitoka kinywani mwa Duku, siku moja tukila chapati za mlangoni kabla ya darasa. Alikuwa kimya, na Duku akiwa kimya unajua kuna maiti au kuna shangazi. Ilikuwa shangazi. Shangazi yake Kiden, kule Koboko, ndiye aliyekuwa akiwapa wanawake wa upande wake pingili za muhogo za kupanda kila mvua inapokaribia. Lakini mwaka uliotangulia pingili zile zilitoka na ugonjwa: majani yakajikunja, yakapata madoa ya njano, na chini hakukuwa na kitu isipokuwa mizizi kama vidole vya mtoto. Nyumba nyingi zilikula kwa shida. "Sasa mvua ingine iko karibu," Duku akasema, "na yeye hajui akate wapi. Ugonjwa ukiwa mdogo macho haioni. Akikosa tena, hao wamama hawatampa hata salamu. Na watoto watalala njaa." Mapendo akaweka chapati chini. Mimi nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushinda, "Ndovu atatazama." Na Duku, Mungu amsamehe, akampigia shangazi simu pale pale akamwambia asikate hata kijiti kimoja, mashine inakuja.

Kwa hiyo tukakusanya picha. Mwalimu alieleza vizuri: mpe modeli picha nyingi za majani mazima na picha nyingi za majani yenye ugonjwa, umwambie kila moja ni ipi, naye atajifunza tofauti. Tulizunguka Koboko kama wakusanya kura. Ombaci nako tulifika, na mashamba ya njiani. Na hapa lazima nieleze jinsi watu wetu wanavyopigwa picha shambani, maana ndipo tulipoangukia. Ukimwambia mtu nataka kupiga picha muhogo wako mzuri, anakuambia ngoja. Anaingia ndani. Anatoka na gomesi ya Krismasi, au kanzu ya Idi, anasimama katikati ya mmea na kuukumbatia kama mchumba. Hawezi kukubali shamba zuri lipigwe picha bila mwenyewe kuonekana, kwa sababu shamba zuri lisilo na mwenyewe kwenye picha kesho linaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Watu wameona mambo ya ardhi, hawachezi. Lakini ukiomba muhogo mgonjwa, anakuonyesha kwa kidevu, pale nyuma, kisha anaondoka kabisa. Wengine walijificha jikoni hadi tumalize. Nani anataka uso wake ubaki duniani karibu na aibu ile? Sisi tuliona hilo ni adabu tu, tukapiga, tukashukuru, tukanywa chai.

Jumapili zilikuwa siku za Ndovu. Saluni imefungwa, makofia ya kukaushia yamezimwa, umeme wote ni wake. Tukitoka kanisani tulikimbilia chumba cha nyuma tungali na viatu vya ibada, Duku na sufuria ya wali, Mapendo na samaki wa kukaanga amefunga kwenye gazeti. Kwenye kioo kulikuwa na namba ya makosa, na namba ile ilikuwa inashuka. Sijawahi kutazama mpira wa miguu kwa roho ile. "Imeshuka!" "Imepanda!" "Hapana, iko inashuka tena, angalia!" Chumba kilikuwa na joto la kuivisha ndizi. Siku moja umeme ulikatika betri zikiwa zimeishiwa na Ndovu akasahau masomo yote ya asubuhi, ndipo tukajifunza kumwambia ahifadhi kila baada ya hatua. Mwisho wa mwezi tulimpa picha ambazo hakuwahi kuziona, tulizotenga pembeni kwa ajili ya mtihani. Alipatia karibu zote. Mapendo alicheza hadi kiatu kikatoka. Mimi nilitangaza kwamba Arua imeipiku dunia, na sikuona kwa nini nisitangaze.

Tukaweka modeli kwenye simu, tukaenda Koboko kwa kishindo. Shangazi Kiden alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka mto wa pili. Alitupeleka nyuma ya nyumba, kwenye kona ambayo kila mtu alijua ina ugonjwa, kona ya majani yaliyokunjamana kama karatasi ya sukari. Ilikuwa ni ya kujaribia tu. Duku akasimama mbele ya mmea kunionyesha jani lenyewe, nikapiga. Simu ikasema: mzima.

Tukatazamana. Nikapiga tena, Duku akiwa bado pale anatabasamu. Mzima. Shangazi Kiden akaichukua simu, akaigeuza, akaitazama mgongoni.

"Duku."

"Naam, shangazi."

"Hii mashini yako iko kipofu ama iko mlevi?"

"Shangazi, ngoja kidogo..."

"Mvua iko pale," akanyoosha mkono upande wa Kongo, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa. "Wewe ulisema nisikate. Nimengoja. Wamama wanauliza, mimi nasema mtoto wangu iko analeta mashini. Sasa nitawaambia nini?"

Duku alijitoa mbele ya mmea kwa aibu, akaenda kusimama chini ya ukuta. Mimi, kwa kukosa la kufanya na mikono yangu, nikapiga picha nyingine ya mmea ule ule, peke yake. Simu ikasema: mgonjwa. Nikamwita Duku arudi. Mzima. Nikamwambia atoke. Mgonjwa. Mapendo akaingia yeye na kitenge chake kipya: mzima, tena kwa uhakika mkubwa kuliko wa Duku! Ndipo Mapendo akapiga makofi. "Yeye haangalie muhogo! Anaangalia mutu! Mutu akiwa pale, muhogo ni muzima!" Tulikuwa tumemfundisha Ndovu adabu za Koboko, naye alikuwa ameshika somo kuliko sisi wenyewe.

Mpaka leo nacheka, lakini siku ile njiani kurudi Arua tulizipitia picha zote upya, tukihesabu gomesi. Duku alijaribu kuwakata watu kutoka kwenye picha, lakini walikuwa wamekumbatia mimea kiasi kwamba ukimtoa mtu kinabaki kisikio kimoja cha jani. Kurudi kupiga mashamba mazuri bila wenyewe kulikataliwa katika nyumba ya kwanza kabisa, na mzee mmoja akatuuliza tumetumwa na nani. Ikabaki njia moja. Wenye mashamba wasimame pia kwenye muhogo mgonjwa, wengi wao, hadi Ndovu aone kwamba mtu si dawa. Shangazi Kiden aliposikia alikaa kwenye jiwe la kusagia. "Nisimame na aibu yangu, nivae na gomesi?" Nikamwambia, shangazi, wewe ukisimama wa kwanza watasimama wote. Akasema hapana. Akasema angekufa kwanza.

Basi nikafanya jambo pekee ninalolijua tangu nizaliwe. Nikamwambia: atakayesimama kwenye muhogo mgonjwa, nitamtengeneza nywele bure, mtindo autakao yeye, kama wa saluni ya Kampala. Akagusa kitambaa chake cha kichwa. "Hata ile ya kunyoosha, inaanguka hivi kwa bega?" Hata hiyo, shangazi. Asubuhi iliyofuata uwanja wake ulikuwa saluni. Nilikuwa na kitana cha chuma kwenye jiko la mkaa, Mapendo anapaka mafuta, Duku anachota maji na kutukanwa na wanawake wote kwa upendo. Shangazi Kiden alitoka wa kwanza, nywele zimelala begani, gomesi ya zambarau, akaingia ndani ya ile kona mbaya kuliko zote, akashika jani lililokunjamana na kuinua kidevu. "Piga basi. Kabla sijabadilisha." Wakafuata wengine, wakisukumana, wakitaniana. "Wewe simama kwa ile yako, iko mgonjwa kuliko yangu!" "Uongo! Yangu ndio ya kwanza kwa ubaya!" Kufikia jioni walikuwa wanashindana nani ana muhogo mbaya zaidi. Vichwa vilinizidi, mkaa ukaisha, na nikawaahidi waliobaki kwamba nitakaporudi na majibu ndipo nitawamaliza.

Mvua haikutungoja hadi Jumapili. Ilibidi Ndovu asome Jumamosi, na Jumamosi ile nilikuwa na bibi harusi. Makofia mawili yakiwaka na Ndovu akinguruma, betri zilianza kulia. Mama wa bibi harusi akaniuliza huko nyuma kuna kinu gani. Nikamweleza yote, Koboko, pingili, wamama, shangazi kwenye kona yake. Alikuwa mtu wa kilimo, uso ulimbadilika. "Zima makofia," akasema. "Huyu atakauka juani, jua ni la bure." Bibi harusi alikaushwa nje barabarani, juu ya kiti cha plastiki, na wapita njia wote walimpa baraka, kwa hiyo nadhani hakupoteza kitu. Ndani, namba ilikuwa inashuka polepole, kwa shida, kama mtu anayesahau tabia ya zamani. Duku alikuwa akiifanyia upepo kadi kwa kifuniko cha sufuria. Mapendo aliomba kwa lugha tatu. Mtihani wa mwisho ulikuwa mgumu kuliko wa kwanza na alama zikawa chini kidogo, lakini tulimpa Ndovu picha ya Duku amesimama kwenye ile kona mbaya, na Ndovu akasema mgonjwa. Duku hajawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa amesimama pabaya.

Tulifika Koboko mawingu yakiwa meusi hadi juu ya paa. Wanawake walikuwa wamekwisha kuja na panga na kamba. Deni la nywele nililipa kwanza, kwani hawakukubali vinginevyo, vichwa vile vyote vikang'aa asubuhi ile kama sufuria mpya. Kisha tukaingia shambani. Shangazi Kiden alikwenda moja kwa moja kwenye safu za mbele, zile nzuri, ndefu, za kando ya njia, alizopigiwa picha ya kwanza na ambazo kila mpita njia alizisifu. Akasimama katikati yake. Nikapiga. Mgonjwa. Mmea wa pili: mgonjwa. Shangazi aliinama, akageuza majani ya chini moja moja, ya mmea huu na wa ule, na pale ambapo macho hayafiki yalikuwa yameanza kujikunja, kidogo tu, kwenye ncha. Akabaki ameinama pale. Nilijua anaweza kusema mashine imelewa tena, na sisi sote tungemwamini, na zile safu nzuri zingekwenda kupandwa kila nyumba.

Akainuka. Safu za nyuma ya zizi la mbuzi, fupi, zisizosifiwa na mtu, tulizipiga moja baada ya nyingine, na mmoja baada ya mwingine Ndovu akasema mzima, mzima, mzima. Shangazi Kiden akawageukia wale wanawake waliokuwa wakingoja, akawaita kwa ile sauti yake ya mto wa pili.

"Hii yangu ya mbele iko mgonjwa! Mutu asichukue! Njooni huku nyuma!"

Panga zikaanza. Matone ya kwanza yakaanguka wakati ule ule, makubwa, ya moto, halafu mvua yenyewe ikaja kama imeitwa. Nywele nilizonyoosha asubuhi nzima zikaanza kujikunja na kupanda juu, kichwa baada ya kichwa, kazi yangu yote ikirudi ilikotoka. Nikawapigia kelele wajifunike, wakimbilie barazani. Hawakunisikia, au walinisikia. Walikuwa wameinama kwenye safu fupi za nyuma ya zizi, wanakata na kufunga, maji yakiwashuka mgongoni, na hakukuwa na hata mmoja aliyekimbia.